Koti la Valerian

Valerian alitoa hukumu yake huku anamenya karanga, na hicho ndicho kilichomuuma Rozina kuliko hukumu yenyewe. Mtu anakutoa kwenye timu uliyoianzisha wewe, halafu hata karanga haziweki chini.

“Sikutoi,” alisema Valerian, akipuliza maganda juu ya kaunta ya kibanda cha simu cha kaka yake, pale karibu na stendi ya Sumbawanga. “Nakupa nafasi. Fainali ni mwezi ujao. Ukifika leveli ya sitini, unacheza. Usipofika, Timoth anaingia. Imeisha hiyo.”

“Mkono wangu una kasoro gani?”

“Mkono hauna kasoro, mshikaji. Kasoro iko kwenye koti.”

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa faida ya wale ambao simu zao ni za kupiga na kupokea tu. Gemu lenyewe lilitoka ughaibuni likiwa na jina refu la kumvunja mtu ulimi, vijana wa Sumbawanga wakaliita Malango, wakamaliza kazi. Wanacheza watatu kwa watatu, kila mtu na simu yake popote alipo. Kuna barabara tatu zilizozungushiwa kuta. Kila mchezaji anashika barabara yake, anapambana na adui anayemkabili, na akimzidi anavunja lango lililoko mwisho. Timu itakayotangulia kuvunja malango yote matatu ya wenzao ndiyo mshindi. Hadi hapo hakuna cha kuumiza kichwa.

Ugomvi uko kwenye chuma. Kila saa unayocheza, gemu linakulipa chuma, na chuma hicho unakifua kuwa koti la vita. Ukicheza sana, koti linakuwa zito na mapigo yanadunda juu yake bila madhara. Ukicheza kidogo, unabaki na kikoti kinachofumuka kwa pigo moja. Vijana wanaita kazi hiyo kufua, yaani kushinda kutwa nzima umeinamia simu ili koti linenepe. Wazee wa Ufipa walifua chuma cha kweli kwenye matanuri ya udongo yaliyoitwa malungu, wakapata majembe yaliyolima uwanda huu wote. Wajukuu wao wanafua chuma ambacho hata sindano hakitoi. Rozina alipoliona hilo alicheka mwenyewe, na ndipo akaipa timu yake jina la Malungu.

Valerian alikuwa amefua hasa. Kazi yake ilikuwa kuchaji simu za watu na kuuza vocha, na kati ya mteja mmoja na mwingine palikuwa na muda wa kutosha kulala na kuamka. Koti lake lilikuwa limepita leveli ya tisini. Mayunga, mwenzao wa tatu, alikuwa mfugaji wa Kisukuma huko Kate, ambako wazazi wake walihamia na ng’ombe wao kabla yeye hajazaliwa. Alicheza akiwa nyuma ya mifugo, pale mtandao ulipomhurumia, na alikuwa na sabini na kitu. Rozina je? Rozina alikuwa msichana wa Pito mwenye shamba la baba, kuku wa mama, ndoo za maji, na simu moja iliyochajiwa kwa sola ndogo ambayo nyumba nzima iliigombea. Alipata mechi moja kwa siku, na Jumapili baada ya misa akibahatika alipata mbili. Leveli yake ilikuwa thelathini na nane.

Lakini mkono! Mtu mwenye mechi moja kwa siku haichezei. Akipura maharage alikuwa akiirudia mechi ya jana kichwani, akikumbuka jinsi adui alivyoshusha bega kabla ya kupiga, jinsi alivyorudi nyuma hatua moja zaidi ya ilivyohitajika. Ikifika jioni akishika simu, alikuwa ameshacheza mara kumi bila kutumia chaji. Watu wenye makoti mazito walikuwa wanampiga, pigo linapita hewani, na wakigeuka kumtafuta wanakuta ameshawadonoa. Mayunga alisema Rozina anacheza kama mtu anayekwepa mkia wa ng’ombe wakati wa kukamua.

Na timu ile ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyemkuta Mayunga mtandaoni akitukana kwa Kisukuma, yeye ndiye aliyemshawishi Valerian aache kucheza peke yake, yeye ndiye aliyewaandikisha kwenye ligi ya Nyanda za Juu. Vitu vingine vyote maishani mwake alipewa au alitumwa. Hiki alikianza. Wazo la kukaa kwenye viti vya watazamaji huku Timoth, ambaye hakuwa na dhambi yoyote ila leveli yake ya themanini, akicheza kwenye nafasi yake, lilimfuata njia nzima ya kurudi Pito. Kabla hajashuka kwenye bodaboda alikuwa ameshaamua kufua.

Ila mwezi alioupewa ulikuwa mwezi wa kuvuna ulezi.

Ulezi hauna habari na mambo ya mtu. Unakatwa suke kwa suke, kwa kisu kidogo, umeinama, na upepo wa Juni wa Ufipa unakupenya hata ukivaa sweta mbili. Ndiyo maana pale Pito wanavuna kwa ujima: leo kwangu, kesho kutwa kwako. Shamba linagawanywa kwa vijiti, kila mtu anapewa mgawo wake. Mtungi wa pombe ya ulezi unawekwa kivulini, umefunikwa kitambaa, na haufunuliwi mpaka mgawo wa mwisho uishe. Sasa hapo pana desturi moja. Anayemaliza mapema hanawi mikono. Anazunguka, anakwenda kwenye mgawo wa aliyechelewa kuliko wote, anaingilia upande wa mwisho, na anakata akija, mpaka wakutane katikati. Wanaita kumpokea mtu, kama unavyompokea mgeni mzigo wake njiani.

Jumamosi ile ujima ulikuwa kwa baba yake Rozina, mzee Adolfu. Rozina hakuwa mvivu wa shamba, na hakuna aliyewahi kumpokea tangu alipojua kushika kisu. Lakini tangu Ijumaa alikuwa ameiteka sola peke yake, kaka zake wakilalamika, na asubuhi aliingia shambani na simu imejaa chaji, ameilaza ndani ya kikapu chini ya kanga. Alijiahidi mechi moja tu.

Mechi moja ikazaa ya pili. Ya pili alishindwa, na nani anaacha kucheza akiwa ameshindwa? Alichuchumaa katikati ya ulezi uliosimama, kisu kimechomekwa ardhini, vidole vinakimbia kwenye kioo. Leveli ya thelathini na tisa. Arobaini. Jua likapanda, sauti za wenzake zikasogea mbele, zikafifia, naye akafurahi kwamba hakuna anayemwona. Arobaini na mbili. Kwa kweli alikuwa anacheza vibaya, mechi za ovyo ovyo dhidi ya watoto wa watu, bila kufikiri, ili mradi chuma kiingie. Alilijua hilo, akaendelea tu.

Arobaini na nne ilipoingia, alisikia kisu. Hakikutoka nyuma wala pembeni. Kilikuwa mbele yake, upande wa mwisho wa mgawo wake, na kilikuwa kinakuja. Kabla hajaificha simu, ulezi ulifunuka, na mama yake mkubwa, Bertilla, akatokeza na kikapu kimejaa, jasho linamtiririka.

“Ee, mwanangu!” alisema Bertilla. “Nimekuja kukupokea. Kumbe unasali?”

“Mama mkubwa, mimi...”

“Sali tu, usikatishe. Ila utuombee na sisi, maana kule kivulini kuna wanaume wazima wanautazama mtungi na macho yamewatoka.”

Kicheko kilipasuka pande zote. Walikuwa wamemzunguka, ujima mzima, kila mmoja ameshamaliza mgawo wake, na walikuwa wanaukata wa Rozina. Wakaanza kumtania papo hapo: mmoja akauliza kama simu inakata masuke yenyewe, mwingine akataka kujua ni mchumba gani huyo wa kuongea naye kwa vidole gumba. Baba yake peke yake hakucheka. Alimtazama mara moja tu, akainama, akaendelea kukata. Rozina alitamani ardhi ipasuke. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni, akachomoa kisu chake na kukata kama mwenye wazimu, macho yamejaa maji.

Bertilla akakata akija. Walipokaribiana, Rozina alisema kwa sauti ya chini, “Mama mkubwa, si ungeanzia hapa nilipo mimi? Kuna haja gani ya kuzunguka kote kule?”

“Nikianzia ulipo, ninakupita,” alisema Bertilla bila kuacha kukata. “Utabaki unautazama mgongo wangu tu, roho inakuuma. Nikianzia mwisho, unaniona ninakuja. Wewe unakata, mimi ninakata, kazi inabanwa katikati haina pa kukimbilia. Haya, nipishe, hilo suke ni langu.”

Kazi inabanwa katikati haina pa kukimbilia. Rozina alisimama na kisu hewani.

Maana kuna jambo moja kwenye Malango ambalo kila mchezaji analijua na hakuna anayelitumia. Koti linafunika mbele tu. Mgongo uko wazi, wa leveli moja na wa leveli ya mia. Lakini ni nani atakayeuona mgongo wa adui, wakati barabara zina kuta na mnakabiliana uso kwa uso? Njia ni moja tu: uvunje lango lako, upenye ndani ya ua wa maadui, uzunguke, uingie barabara ya mwenzako kwa upande wa mwisho. Hakuna anayefanya hivyo, kwa sababu ukiingia barabara ya mwenzako hupati alama hata moja, na taji unalikosa. Alama unapata kwa kumlaza adui wa barabara yako, akiinuka unamlaza tena, akiinuka tena hivyo hivyo, na mwisho wa mechi mwenye alama nyingi gemu linamvika taji na kummwagia chuma. Ndivyo Valerian alivyonenepesha koti. Alikuwa akimaliza kwake mapema, anabaki palepale akivuna alama, huku Rozina na Mayunga wakihemea barabara zao wenyewe. Amemaliza mgawo wake, amenawa mikono, amekaa kivulini!

“Unacheka nini sasa?” aliuliza Bertilla.

“Nacheka ujinga wangu, mama mkubwa.”

“Mbona mwingi, utachoka kucheka.”

Jioni mzee Adolfu alikuwa amekaa jikoni karibu na moto. Rozina alipiga magoti, akaomba radhi kwa aibu ya shambani.

“Hilo gemu linakulisha?” mzee aliuliza.

“Hapana, baba.”

“Sasa linakupa nini?”

Rozina alitafuta jibu la heshima, akakosa, akasema la kweli. “Naliweza, baba. Kuna watu wachache sana wanaoliweza kama mimi.”

Mzee Adolfu alisukuma kuni motoni. “Shambani ulikuwa huliwezi,” alisema. “Ulikuwa unalikimbiza tu, nilikuona usoni. Mtu anayeweza kazi hana uso ule.” Halafu akaongeza: “Ukimaliza migawo yako, nenda.”

Alimaliza migawo yake. Hakufua tena hata mechi moja ya ovyo. Alirudi kwenye desturi yake ya mechi moja jioni, na wiki moja kabla ya fainali alitua kibandani kwa Valerian akiwa na leveli arobaini na sita.

“Arobaini na sita,” Valerian alisoma kwenye kioo, akacheka kwa huruma, na hiyo huruma ilikuwa mbaya kuliko karanga. “Tulisema sitini, mshikaji.”

“Ulisema wewe. Mimi nataka mechi moja. Wewe na Timoth, mimi na Mayunga. Mkishinda, natoka bila neno.”

Gemu linaruhusu wawili kwa wawili, barabara ya tatu inafungwa. Watu waliokuja kuchukua simu zao wakasogea. Mayunga alipigiwa Kate, sauti yake ikatoka kwenye spika ikisindikizwa na kengele za ng’ombe. “Dada Rozina,” alisema, “mimi huyu Valerian siwezi kumvunja, unajua.”

“Usimvunje. Mshikilie tu. Akikurudisha nyuma au asikurudishe, wewe mshikilie.”

Rozina alikabiliana na Timoth. Timoth alikuwa na koti zuri na adabu nzuri, na alipiga kwa nguvu kila mahali ambapo Rozina hakuwepo. Ilichukua muda, maana kikoti cha leveli arobaini na sita hakiruhusu kosa hata moja, na hakufanya hata moja. Alimchosha, akamlaza, akavunja lango. Timoth alipoinuka alikuwa tayari kulazwa tena, ndivyo mchezo ulivyo. Akakuta barabara tupu.

“Kaenda wapi?” Timoth aliuliza.

Valerian hakumsikia. Alikuwa anamsukuma Mayunga, amebakiza mapigo mawili matatu, anatabasamu. Ndipo koti lake la tisini, lililofuliwa vocha kwa vocha na mteja kwa mteja, likaanguka kifudifudi. Alikuwa amepigwa mgongoni. Hakuwahi kupigwa mgongoni tangu aanze kucheza. Alikitazama kioo kama mtu aliyefunguliwa mlango wa choo.

Mayunga akavunja lango lililobaki wazi, na kibanda kikalipuka. Mama mmoja aliyekuja kununua chaja, asiyejua Malango wala malungu, alipiga vigelegele kwa sababu tu msichana ameshinda.

“Umeacha barabara yako,” alisema Valerian. “Tazama alama zako. Sifuri, karibu.”

“Tazama nani kashinda.”

Alitazama. “Sawa. Nafasi ni yako, nimekubali. Timoth atakuwa wa akiba. Lakini mimi nakwambia mapema, Rozina, barabara yangu siachi. Taji la fainali linamwekea mtu picha yake kwenye ukurasa wa mbele wa gemu. Nchi nzima inaiona. Mimi nimekaa kwenye kiti hiki miaka mitatu kwa ajili ya ile picha.”

Rozina alitaka kumjibu vikali, akamtazama usoni, akaacha. Miaka mitatu ni miaka mitatu. Kule kukaa nako kulikuwa kazi, hata kama ni kazi ya kukaa.

Fainali ilichezwa mchana, kwenye ukumbi wa sherehe hapo hapo Sumbawanga, ambao ulikuwa bado na maputo ya harusi ya juzi. Skrini kubwa ilitundikwa mbele. Malungu dhidi ya Mpakani, timu ya Tunduma. Mayunga alikuwa amekuja na basi kutoka Kate, amevaa koti la suti juu ya kaptura, na safari hii hakukuwa na ng’ombe wa kusingizia. Mstari wa pili wa viti, katikati ya vijana wenye kofia zilizogeuzwa nyuma, walikaa watu wawili waliovaa nguo za misa: mzee Adolfu, na Bertilla na kitenge chake kipya. Rozina alipowaona, moyo ulimjaa.

Mpakani walikuwa wamefanya upelelezi. Walijua Malungu wana koti moja jepesi, wakalielekezea mtu wao mzito kuliko wote, jamaa mmoja mpole wa sura waliyemwita Kontena. Leveli yake ilikuwa mia na ishirini. Rozina aliiona namba ile juu ya skrini, akaishika simu yake vizuri.

Mechi ikaanza. Mayunga, akiwa na mtandao wa maana kwa mara ya kwanza maishani, alicheza kama aliyefunguliwa kamba. Alimsukuma mtu wake na kuvunja lango la kwanza, ukumbi ukapiga kelele. Akazunguka kwenda kumpokea Rozina, kama walivyopanga, lakini Mpakani si Timoth: adui wake alimwahi uani, akamng’ang’ania hapo hapo, hawa wawili wakawa wamefungana, wakilazana kwa zamu. Upande wa kushoto Valerian alimaliza kazi yake kwa ustadi. Lango la pili chini. Na adui wake akainuka, Valerian akamlaza. Akainuka, akamlaza. Alama zikaanza kupanda juu ya jina lake, na kialama kidogo cha taji kikaanza kumetameta.

Likabaki lango moja, la Kontena, na mbele yake Rozina.

Alikwepa. Hakuna aliyewahi kukwepa vile kwenye ukumbi ule. Kontena alipiga, hayupo. Alifagia, hayupo. Kila alipopata upenyo Rozina alidonoa, na kila donoo lilidunda kwenye lile koti. Hapo ndipo alipolielewa jambo ambalo hakutaka kulielewa: mkono wake ungeweza kumzuia mtu huyu mpaka kesho, lakini kumwangusha hauwezi. Na hakuwa na mpaka kesho. Hatua kwa hatua alikuwa anarudishwa, lango lao liko nyuma yake, vidole vinaanza kuloa jasho. Pigo moja tu lingetosha kumaliza kila kitu.

Ukumbi ulikuwa umenyamaza. Katika kimya hicho, sauti ilitoka mstari wa pili, sauti iliyozoea kusikika kutoka ncha moja ya shamba hadi nyingine.

“Wewe kijana wa kushoto! Si umeshamaliza? Mbona umekaa?”

Watu waligeuka. Bertilla alikuwa amesimama, kidole chake kimeielekea skrini. Hakuwa amewahi kuliona gemu lile maishani mwake, lakini mgawo uliokwisha na mgawo ambao bado aliiona waziwazi.

“Mpokee mwenzio!” alipaza. “Mpokee! Anakufa peke yake kule, we mtoto, mpokee!”

Kijana mmoja wa Pito akadakia, “Mpokee!” Kisha mstari wa nyuma, kisha ukumbi mzima, hata waliokuja kwa ajili ya soda wakadakia, wakipiga miguu sakafuni: “Mpokee! Mpokee!”

Valerian alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwa Rozina. Aliusikia ukumbi, nadhani hata waliokuwa stendi waliusikia. Adui wake aliinuka kwa mara nyingine, ametulia, tayari kulazwa, alama nyingine ya bure. Taji lilimeta juu ya jina la Valerian. Akalitazama.

“Mungu wangu, picha yangu,” alisema, akageuka, akakimbia.

Alipenya lango alilolivunja, akakatisha ua, akaingia barabara ya Rozina kwa upande wa mwisho na koti lake la tisini. Mpakani walimpigia kelele Kontena, naye akastuka na kugeuka amkabili huyu mpya. Akapiga pigo ambalo lingemfumua Rozina vipande vipande. Valerian alilipokea kifuani. Koti likatikisika, likashika. La pili, likashika. Miaka mitatu ya kukaa kibandani ilikuwa imesimama pale, inapigwa, haianguki.

“Nimekuja!” alipiga kelele. “Nimekuja kukupokea, Rozina, piga!”

Na mgongo wa Kontena, mpana, mtupu, ulikuwa umemgeukia Rozina. Aliusubiri mpaka bega lishuke, kama alivyolisoma tangu mwanzo wa mechi, kisha akapiga mara moja, mahali pamoja. Mtu wa leveli mia na ishirini akaenda chini. Lango likavunjika.

Yaliyofuata Rozina aliyakumbuka vipande vipande. Mayunga amembeba juu juu. Puto la harusi linapasuka. Mama mkubwa anacheza mbele ya skrini, kitenge kinataka kumtoka. Taji la siku hiyo lilimwangukia adui wa Mayunga kwa vijialama alivyovipata kule uani, mtu wa timu iliyoshindwa, na picha yake ikawekwa ukurasa wa mbele wa gemu, nchi nzima ikaiona na hakuna aliyejua ni nani. Valerian alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha Rozina akahisi mkono begani, akageuka, akakuta ni baba yake.

“Leo nimeuona uso wako,” alisema mzee Adolfu. Hakuongeza kitu, na Rozina alilia hapo hapo mbele za watu bila kujificha.

Jumamosi iliyofuata ujima ulikuwa kwa Bertilla, wa mwisho kwa msimu ule, na Valerian alikuja. Alikuja na viatu vyeupe na kisu cha jikoni. Wakampa mgawo wake kama mtu mwingine yeyote, akainama kwa majivuno, na kabla jua halijapanda vizuri alikuwa ameshajikata kidole, ameshika kiuno, na masuke yake yamesimama karibu yote. Mmoja mmoja wenzake walimaliza. Mtungi ulikuwa kivulini, umefunikwa, na wanaume walianza kukohoa kwa maana.

“Nyie tangulieni kunywa,” alisema Valerian, uso umemwiva. “Mimi huku nina leveli ya kwanza.”

“Hapa hakuna anayetangulia,” alijibu Bertilla.

Rozina alikuwa amemaliza zamani. Alikung’uta kikapu chake, akazunguka shamba lote, akaingia kwenye mgawo wa Valerian kwa upande wa mwisho, na akaanza kukata akija.